Nani Alituuliza?

Nyanya yangu alinyang'anywa maikrofoni mbele ya umati, na mshereheshaji aliyemnyang'anya alikuwa akitabasamu.

Ilikuwa sherehe ya utamaduni. Mahema meupe, viti vya plastiki, spika kubwa kama makabati, na mgeni wa heshima aliyetarajiwa saa nne asubuhi akafika saa tisa alasiri. Kina mama wa kikundi cha kilumi walikuwa wamekaa juani tangu asubuhi, ngoma zao wamezifunika leso. Mheshimiwa alipofika wakaambiwa wacheze dakika tano. Wakacheza. Kisha mshereheshaji akasema, "Sasa tupate hekima kidogo kutoka kwa wazee wetu," akampa nyanya maikrofoni kwa sababu ndiye aliyeonekana mzee kuliko wote.

Nyanya hakutoa hekima. Alianza kuhesabu njaa. Alizihesabu kwa majina, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeita watoto wake waje kula. Alipofika ile ya 1984 akasema kwa Kikamba, polepole: "Hiyo tuliiita Nikw'a Ngwete. Pesa tulikuwa nazo mkononi, chakula ndicho hakikuwepo. Sasa nataka kumuuliza huyu mgeni wetu, lile shamba letu kule Mui..."

Hapo ndipo maikrofoni ilipomtoka mkononi. "Asante sana, susu! Mpigieni makofi!" Watu wakapiga makofi. Muziki ukawashwa.

Naandika haya kwa sababu ya makofi yale. Na mimi nilipiga.

Kwa miaka mingi sasa tunaambiwa kwamba utamaduni wa Wakamba unathaminiwa. Ushahidi tunaoonyeshwa ni sherehe, vikundi vya ngoma vyenye sare, barabara na stesheni zilizopewa majina ya watu wetu. Mimi nasema tumeachiwa ganda, kiini kikatupwa. Ndani ya utamaduni huo huo wanaoupigia makofi mna madai: ya ardhi, ya maji, ya chakula, ya kuulizwa kabla ya kuamuliwa. Anayechukua ngoma na kuyanyamazisha madai hatuhifadhii chochote. Anatuchezesha tu.

Chukua kilumi yenyewe. Wazee wetu waliipiga kuomba mvua na kuzungumza na mizimu. Ilipigwa usiku kucha, na aliyepandwa na pepo alisema alichotumwa kusema, hata kama chifu hakipendi. Leo ina dakika tano, kati ya sala ya ufunguzi na hotuba ya naibu wa mtu fulani. Ngoma ya kuomba mvua inapigwa kumkaribisha mtu ambaye kazi aliyopewa na wananchi ni kuleta maji. Hebu tafakari hilo, ndugu msomaji.

Turudi kwenye hesabu ya nyanya. Hajui alizaliwa mwaka gani. Anajua alizaliwa baada ya askari kurudi kutoka vita vya Hitla, huko Mbooni, sehemu ambayo sasa ni Kaunti ya Makueni na wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Machakos. Aliolewa ng'ambo ya Mto Athi, Kitui, na dereva wa lori ambaye ndiye babu yangu. Kalenda yake yote ni njaa. Yupo aliyezaliwa baada ya Atta, ile ya miaka ya 1960 iliyobeba jina la unga wa ngano wa msaada. Yupo aliyeolewa kabla ya Nikw'a Ngwete. Na nyuma kabisa, kabla ya kuzaliwa mama yake, kuna Ngomanisye, iliyoenea kila mahali, mwishoni mwa miaka ya 1890.

Wageni wakisikia majina haya huyaandika kama ushairi wa kienyeji. Sisi tuyasome kama yalivyo. Ngomanisye haikuwa ukame peke yake. Miaka hiyo sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe, ndui ikaua watu, na reli ya Mombasa ikawa inapita katikati ya nchi yetu, ikifika Nairobi 1899, pamoja na utawala mpya ambao hakuna aliyeualika. Nikw'a Ngwete maana yake ni "nakufa nikiwa nimeshika", yaani nimeshika pesa. Jina hilo halisemi kwamba mvua ilikosa. Linasema kwamba mtu mwenye noti mkononi alisimama mbele ya duka lisilokuwa na unga. Jina hilo linauliza habari za maghala, barabara, bei, na wale waliokuwa na kazi ya kupanga mambo hayo. Ni shtaka, na limewekwa katika maneno mawili ili hata mtoto asiyejua kusoma alikumbuke.

Sasa linganisha na jinsi wengine wanavyotutaja. Mkamba na mwolyo, chakula cha msaada: utani unaoanzia kwenye matatu ukaishia bungeni. Eti sisi ni watu wa kupanga foleni na gunia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu wa kwetu anamjua vizuri, kwa sababu kila baada ya miaka mitano anakuja kupigwa picha akimkabidhi pakiti ya unga. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki. Haikusema zawadi ya mheshimiwa. Nyanya hajasoma kifungu hicho, lakini kalenda yake inasema jambo lile lile, na ilianza kulisema zamani.

Twende Nairobi kidogo. Shuka mjini, utembee hadi Barabara ya Muindi Mbingu. Iko karibu na bustani ya Jeevanjee, na soko la City Market liko papo hapo. Ingia sokoni. Upande mmoja kuna bucha. Upande mwingine kuna vinyago, twiga na vifaru wa mbao, kazi ambayo Wakamba wameijulisha ulimwengu tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi na ufundi wa kuchonga baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyama na vinyago, kwenye barabara ya Muindi Mbingu. Nimewahi kumuuliza muuzaji mmoja Muindi alikuwa nani. Akaniambia, "Si ni mwanasiasa wa zamani?"

Muindi Mbingu alikuwa mtu aliyekataa ng'ombe wasichukuliwe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana mifugo mingi mno na udongo unamomonyoka. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Kilichoachwa nje ya maelezo ni kwamba vilima vya Mua vilikuwa vimekwisha kupewa walowezi, malisho ya Yatta yakaitwa ardhi ya Mfalme, na watu wakasukumwa kwenye hifadhi wakae pamoja na ng'ombe wao. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig huko Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Basi mifugo ikakamatwa kwa nguvu, ikapigwa mnada.

Watu walianzisha chama, Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai, zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos wakaenda Nairobi kumwona gavana. Wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, wakilala nje na kula walichochangiwa. Babake nyanya alikuwa mmoja wao. Kwa maneno ya nyanya, babake alikuwa akisema kwamba hawakwenda kupigana wala kuomba. Walikwenda kuuliza: nani alituuliza? Baadaye gavana mwenyewe, Brooke-Popham, alilazimika kwenda Machakos kuzungumza nao. Muindi akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, akakaa huko miaka. Lakini kabla mwaka haujaisha, serikali ikaacha kupunguza mifugo kwa nguvu.

Hiyo ndiyo historia iliyoko chini ya kile kibao cha barabara. Kibao kina jina la mtu. Swali lake halimo.

Vivyo hivyo Syokimau. Kila abiria wa treni za Nairobi analijua jina hilo, kwa sababu stesheni ilifunguliwa kwa jina lake 2012. Masimulizi yanasema huyu mama alitabiri nyoka mrefu atakayepita katika nchi, naye ndiye reli, na watu wageni wanaobeba moto mifukoni. Tunausimulia utabiri huo kama mchezo wa kuotea: tazama, aliotea kweli! Unabii wa namna ile lakini ni onyo. Haumwambii mtu "furahini, treni inakuja." Unamwambia "jiandaeni, kuna kitu kinakuja ambacho hamkukiita." Tumechukua onyo tukaliandika kwenye tiketi.

Na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Mwaka 1849 ndiye aliyempokea mmishonari Krapf, na ni huko Kitui ambako Krapf aliuona mlima wenye theluji akaandika jina alilolisikia kwa wenyeji wake. Jina la nchi hii nzima lilipitia kinywani mwa Mkamba kabla ya kuingia kwenye ramani. Tumewapa wengine mpaka jina. Kinachotushinda ni kupewa majibu.

Kuna uongo mmoja ambao umesaidia sana kutunyamazisha, nao umevaa nguo za sifa. Ni ule usemao kwamba Wakamba ni watu watiifu. Waingereza ndio walioupenda. Walituita kabila la askari, wakatuandikisha kwenye keya kwa wingi kuliko karibu kabila lolote la Kenya, wakatusifu kwa uaminifu. Angalia tarehe lakini. Mwaka 1938 "watiifu" hao walikuwa wamelala Kariokor wakingoja kumhoji gavana. Kabla ya hapo, 1911, serikali ilikuwa imekwisha kutikiswa na vuguvugu la Siotune wa Kathuke na Kiamba huko Machakos, hata ikawahamisha viongozi wake. Na lililowaanzisha hilo lilikuwa nini? Ngoma na pepo. Mkoloni alielewa jambo ambalo kamati zetu za sherehe zimesahau: ngoma ya watu inaweza kusema kitu.

Sifa ya utiifu ni kamba laini. Ukishaambiwa kwamba uzuri wako ni kunyamaza, siku utakayosema utaitwa umeharibika. Nyanya alipouliza habari za shamba lake, mshereheshaji hakumkasirikia. Alimwona mzee aliyechanganyikiwa kidogo kwa sababu ya jua.

Sasa niseme habari ya shamba lenyewe, maana ndilo lililomfanya azungumze.

Bonde la Mui liko Kitui. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali imekuwa ikichimba visima vya kutafuta makaa ya mawe huko. Bonde likagawanywa vitalu vinne: A, B, C na D. Katika kitalu C, upande wa Yoonye na Kateiko, ilitangazwa kwamba kuna makaa yanayokadiriwa kufikia tani milioni 400. Mwaka 2011 kampuni ya Kichina ikapewa vitalu C na D, na Desemba 2013 mkataba wa kugawana faida ukatiwa saini. Wakazi wakaenda mahakamani. Uamuzi wa Mahakama Kuu uliotolewa 2015 hunukuliwa hadi leo kila mawakili wanapobishana juu ya ushirikishaji wa wananchi. Yaani jina la bonde letu limekuwa kanuni ya sheria, kama Muindi alivyokuwa barabara na Syokimau stesheni. Bonde lenyewe lingali linasubiri.

Kusubiri huko ndiko kunakoua polepole. Makaa hayajachimbwa kwa biashara hadi ninapoandika. Lakini mtu ambaye ameambiwa siku moja kwamba huenda atahamishwa hajengi nyumba ya mawe. Hachimbi kisima. Hapandi miembe, kwa sababu mwembe unataka miaka. Mjomba wangu alinunua mabati 2014 na mpaka leo yamelala ghalani yakishika kutu, kwa maana ni nani atakayeezeka nyumba ambayo huenda akaambiwa aibomoe? Benki nayo inauliza: hilo shamba liko wapi? Ukitaja Mui, afisa anafunga faili. Hakuna tingatinga lililofika nyumbani kwetu, na bado tumekwisha kupokonywa miaka zaidi ya kumi.

Na kuna makaburi. Wakamba tunazika nyumbani. Kuna mathembo pia, mahali pa kutambikia penye miti mikubwa ambayo hakuna anayeikata. Katika orodha ya fidia mwembe una bei, mbuzi ana boma lake, nyumba inapimwa kwa mita. Ithembo linaandikwa nini? "Kichaka"? Kifungu cha 11 cha Katiba kinasema utamaduni ndio msingi wa taifa. Basi nauliza: msingi huo unapimwaje wakati mtu mwenye fomu anapopita shambani?

Vuka Mto Athi urudi Makueni, utakuta mchanga. Mito yetu mingi hutiririka wiki chache tu kwa mwaka. Muda uliobaki maji yanajificha ndani ya mchanga, na kina mama huchimba kwa mikono na kwa kata mpaka yatoke. Ukiondoa mchanga umeondoa tangi la maji la kijiji kizima, ukalipeleka Nairobi likawe ghorofa. Malori yalifanya hivyo kwa miaka mingi, usiku na mchana, na watu wameuawa kwa sababu ya mchanga. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Siisifu kana kwamba imemaliza kila kitu. Naitaja kwa sababu ilianzia mahali pa haki: ilikiri kwamba mchanga ni maji, jambo ambalo kila mama wa huku alilijua tangu utotoni.

Jambo hili haliko kwetu tu. Huko Guatemala, Amerika ya Kati, kuna Wamaya. Dunia nzima inawajua kwa piramidi za Tikal, kwa kalenda yao, kwa nguo za rangi wanazofuma wanawake wao. Watalii hulipa kuviona. Lakini katika vita vilivyoisha 1996 watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotea, na tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake 1999 ilikuta kwamba katika waathiriwa iliowatambua, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Tume hiyo ilisema dola lilitenda vitendo vya mauaji ya kimbari. Mwaka 2013 wanawake wa Ixil, mojawapo ya jamii za Kimaya, waliingia mahakamani wakiwa wamevaa nguo zile zile ambazo mtalii huzipiga picha, wakasimulia yaliyowapata. Jenerali Ríos Montt akatiwa hatiani. Siku kumi baadaye mahakama ya katiba ikaibatilisha hukumu hiyo.

Na 2005, katika mji wa milimani uitwao Sipacapa, Wamaya walikusanyika kijiji kwa kijiji wakapiga kura yao wenyewe juu ya mgodi wa dhahabu. Vijiji vingi vilisema hapana. Wakubwa walisema kura ile haina nguvu ya kisheria, na mgodi ukaendelea. Lakini baada ya pale jamii nyingine nyingi za Guatemala ziliitisha kura kama ile, kwa sababu watu wakishauliza mara moja huwa vigumu kuwarudisha kwenye makofi.

Silinganishi maumivu. Yaliyowapata Wamaya hayakutupata sisi kwa kipimo kile, na ingekuwa utovu wa adabu kujivika msiba wa mwenzio. Ninachokilinganisha ni ile tabia ya kupenda nguo ya mtu na kuchukia sauti yake. Wanaitwa fahari ya taifa wanapocheza, na maadui wa maendeleo wanapouliza.

Najua nitajibiwa. Nimekwisha kuyasikia majibu yote kwenye baraza, kwenye redio na kwenye meza ya chakula.

La kwanza: "Nyinyi mnataka maendeleo au mnataka vichaka?" Kwani ni nani aliyesema hatutaki? Vijana wa Mui wanahitaji kazi, na nina binamu wawili wanaosema wazi kwamba kampuni ije hata kesho. Waulizwe nao! Mimi sidai kwamba jibu la Mui lazima liwe hapana. Nadai swali liulizwe kwa Kikamba, karatasi zikiwa mezani, tarehe na kiwango cha fidia vikitajwa, na watu wawe huru kusema hapana bila kuitwa wajinga. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Asilimia kumi ya kitu ambacho hukuulizwa ni posho.

La pili: "Kuwauliza watu kunachelewesha kazi." Makueni ni jirani yetu. Chini ya Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kaunti ile ilikuwa ikishusha mipango ya bajeti mpaka vijijini, watu wakabishana mchana kutwa juu ya zahanati na vibwawa. Ilichosha, nakubali. Lakini kiwanda cha maembe kilijengwa Kalamba, na mpango wa afya ukaja ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Wageni kutoka kaunti nyingine walikwenda kutazama yanavyofanyika. Miradi ya Mui, ambako haraka ilikuwa kubwa, iko wapi?

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu lina ukweli ndani yake: "Wanaowauza ni watu wenu wenyewe." Ni kweli. Mkoloni aliondoka. Waliotia saini, wanaopakia mchanga usiku, wanaomwita nyanya aje kutumbuiza kisha wanamkata kauli, wana majina kama yetu na wanazika nyumbani kama sisi. Vilevile wazee wetu si malaika. Katika mabaraza mengi ya ardhi mwanamke husikilizwa mwisho, au hasikilizwi, ingawa nabii tunayejivunia alikuwa mwanamke na wanawake walitembea hadi Nairobi 1938. Kama tunadai kuulizwa na serikali, basi na sisi tuanze kuulizana nyumbani. Sina ubishi juu ya hilo.

Ila ukweli huo haumfungui mheshimiwa. Unatufunga sote pamoja.

Basi nawaambia wanaoandaa sherehe, na wanaozigharamia: acheni dakika tano. Mkiita kilumi, kilumi ianze na imalize. Mkimpa mzee maikrofoni, mwachieni amalize, hata akiuliza swali ambalo mgeni hakuliandalia jibu. Walimu wa Kitui na Makueni, wafundisheni watoto majina ya njaa kama mnavyowafundisha miaka ya uhuru, na mtoto akiuliza kwa nini watu walikufa na pesa mkononi, msimwambie ni mapenzi ya Mungu. Na kila mkataba wa ardhi yetu usomwe kwanza kwenye baraza, kwa lugha ya wenye ardhi, kabla kalamu haijatolewa mfukoni.

Jioni ile ya sherehe nilimrudisha nyanya nyumbani kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika. Tulipofika nikampikia chai, nikamuuliza alitaka kumwambia nini yule mgeni. Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Babu yako yuko pale chini ya mwembe," akasema. "Nilitaka kumuuliza, mimi nikifa, mtanizika kando yake, au pale patakuwa shimo? Anijibu tu. Hata akisema patakuwa shimo, nijue."

Mheshimiwa, ulikuwa umekaa safu ya mbele, kiti chenye kitambaa cheupe. Nyanya bado yuko hai, na bado anasubiri umjibu.